Tangu Mbio Zile, Sitamani Tena Kuvaa Raba

Mpendwa Mshauri,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, nikisoma matatizo ya wenzangu ya ndoa, ya madeni na ya malezi, na sikudhani kwamba siku moja ningekuandikia kuhusu jambo ambalo wengi wanaweza kuliona dogo kama kukimbia. Lakini limenikaa rohoni, na kila ninayemweleza ama ananicheka ama ananihimiza kabla sijamaliza kueleza.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 41. Mapema mwaka huu, baada ya kuona kwamba ninahema kila ninapopanda ngazi za ofisini, nilianza kutoka alfajiri peke yangu, nikikimbia kidogo na kutembea kidogo, hadi nikaweza kukimbia mfululizo. Baadaye mfanyakazi mwenzangu alinitambulisha kwenye kikundi cha wakimbiaji. Kwa mwendo wangu wa kawaida ninatumia kama dakika 7 na nusu kwa kila kilomita, na umbali mrefu kuliko wote niliowahi kukimbia mazoezini ni kilomita 7. Nilikuwa na furaha sana siku hizo. Ilitokea alfajiri moja nikafika nyumbani ndipo nikagundua kwamba sikuitazama saa hata mara moja.

Kikundi kilipojisajili kwa mbio za kilomita 10, nami nikajisajili. Yule mfanyakazi mwenzangu akasema mbele ya wenzetu kwamba mtu yeyote anayefanya mazoezi humaliza kilomita 10 chini ya saa moja, nami, kwa kuona aibu kumpinga, nikaitikia kwamba hilo ndilo lengo langu. Kuanzia hapo ofisi nzima ikawa inaniita “mama wa saa moja.”

Siku yenyewe mbio zilichelewa kuanza, na jua lilikuwa limeshapanda. Usiku wake nilikuwa nimelala kwa mang’amung’amu. Tulipoachiwa, nilikwenda na umati; katika kilomita mbili za kwanza saa ilionyesha chini ya dakika 6 kwa kila moja, nikajisemea kwamba kumbe ninaweza. Kufikia kilomita ya nne kifua kilikuwa kinawaka, na baada ya ya sita miguu ikagoma kabisa. Kabla sijaanza kutembea niliisimamisha saa yangu, kwa sababu sikutaka irekodi hatua zile. Watu walinipita, wakiwemo wazee walionizidi umri kwa mbali. Mzee mmoja alinigusa bega akasema, “Pole mwanangu, twende,” nami nikainama nikajifanya ninafunga kamba za kiatu mpaka akapita. Matokeo rasmi yalionyesha saa 1 na dakika 24. Mume wangu alikuwa akinisubiri mwisho wa mbio. Nilimpita bila kusema neno, nikaenda kulia nyuma ya gari.

Jioni hiyo mtu mmoja alituma kwenye kundi la simu picha yangu nikitembea, mikono kiunoni na mdomo wazi, na wenzangu wakaijibu kwa vikatuni vya kucheka. Ninaamini hawakukusudia ubaya. Hata hivyo, tangu siku hiyo sijafungua ujumbe wao wala sijavaa raba zangu.

Sasa kikundi kinajisajili kwa mbio nyingine za kilomita 10, na usajili unafungwa mwishoni mwa mwezi. Kiongozi wetu anasema dawa ni kurudi upesi kwenye umbali uleule, na amenitumia habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni akiwa wa mwisho huku goti limeumia. Mume wangu, kwa upande wake, anasema nimeshajaribu, inatosha, na sina ninalopaswa kumthibitishia mtu. Kinachonitisha zaidi ni kwamba ninapoamka alfajiri na kukumbuka kuwa siendi popote, ninapata nafuu, kisha mchana kutwa ninakuwa mnyonge. Je, ile nafuu ndiyo jibu langu, au ni uvivu tu? Nitairudishaje hamu niliyokuwa nayo? Na je, nijisajili?

Ni mimi,
Mama wa Saa Moja

*

Dada yangu mpendwa,

Pole sana, na ninashukuru kwamba umeieleza siku ile yote, hata zile sehemu ambazo ingekuwa rahisi kuziruka. Nikiirudia barua yako kwa maneno yangu, naona unasema hivi: ulianza kukimbia kwa ajili ya afya, ukakuta humo furaha ambayo hukuitarajia, ukaingia mashindanoni ukiwa umebeba ahadi uliyoitoa mbele ya watu, mwili ukashindwa kuitimiza hadharani, na sasa hamu imepotea huku watu wawili unaowaheshimu wakikuvuta huku na huku. Unauliza jinsi ya kuirudisha hamu. Ningependa kwanza tuitazame siku yenyewe, kwa sababu naona mambo mawili yalitokea na wewe umeyafunga katika furushi moja: lililoupata mwili wako barabarani, na lililokupata wewe machoni pa watu.

La mwili ndilo jepesi kueleweka, na hesabu zake umeziandika mwenyewe. Mtu anayetumia dakika 7 na nusu kwa kilomita huhitaji dakika 75 ili kukamilisha kilomita 10, tena ikiwa mwendo huo utadumu hadi mwisho katika umbali ambao hajawahi kuufikia. Kumaliza chini ya dakika 60 kunadai mwendo wa chini ya dakika 6 kwa kila kilomita. Lengo lako, basi, liliyatangulia mazoezi yako kwa robo saa nzima, na halikutoka katika mazoezi hayo. Lilitoka kinywani mwa mtu mwingine siku ya mazungumzo ofisini. Ulimaliza kwa dakika 84. Ukijipima kwa kauli ya ofisini, ulichelewa kwa dakika 24. Ukijipima kwa miguu yako mwenyewe ya alfajiri, ulichelewa kwa dakika 9, katika siku ya jua, baada ya usiku mbovu, na ndani yake zimo kilomita tatu ambazo ulikuwa hujawahi kuzikimbia. Sisemi kwamba dakika 9 hazikuumi. Nauliza tu ni nani aliyeamua kwamba kipimo kiwe kile cha kwanza.

Kuna na lile la kuanza kwa kasi, ambalo huwapata hata wakimbiaji wazoefu, kwa kuwa mwanzoni miguu ni mipya, msisimko ni mwingi na kasi ya wengine huonekana kuwa ya kawaida. Mtu anapokwenda kwa kasi inayozidi uwezo wa moyo na mapafu yake kuipelekea misuli oksijeni, misuli hulazimika kuchoma sukari kwa njia ya haraka ambayo haiwezi kudumu. Pumzi huwa fupi, kifua huwaka, miguu huwa mizito, na kupunguza mwendo baadaye hakuponyi papo hapo kwa sababu mwili una deni la kulipa. Ongeza hapo joto. Jua likiwa kali, damu ileile inayohitajika miguuni inahitajika pia kwenye ngozi ili kuupoza mwili, kwa hiyo moyo hupiga kwa kasi zaidi kwa mwendo uleule uliokuwa mwepesi alfajiri. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, aliacha mbio kando ya barabara katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, siku ya joto kali, akilia mbele ya kamera za dunia nzima. Novemba ya mwaka huohuo alishinda marathoni ya New York. Sikutajii habari hizo ili nawe ujisajili upesi kama yeye; alikuwa na kocha, madaktari na miaka mingi ya mbio miguuni. Nazitaja kwa sababu hakuna aliyehitimisha, kwa siku ile ya Athens, kwamba mwanamke huyo hakuumbwa kukimbia, ilhali wewe unaelekea kulihitimisha hilo juu yako kwa ushahidi mdogo zaidi.

La pili ni gumu, na huko ndiko naona maumivu yenyewe yaliko. Uliisimamisha saa kabla ya kuanza kutembea. Uliinama kufunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka. Mtu aliyeishiwa nguvu tu hana haja ya kufanya hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anayeamini kwamba kutembea ni jambo la kufichwa. Nakuomba uichunguze imani hiyo, kwa kuwa wewe mwenyewe ulianza kwa kukimbia kidogo na kutembea kidogo, na njia hiyo ndiyo iliyokufikisha kwenye kilomita 7. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki ya mwaka 1972, alianza tangu miaka hiyo ya 1970 kuwafundisha wanaoanza kutembea kwa mpango katikati ya mbio, kabla ya kuchoka, ili misuli ipate ahueni. Kutembea kulikopangwa na kutembea kulikolazimishwa na uchovu huenda kwa miguu ileile. Kinachotofautiana ni kwamba kwa huku kwa pili ulijiona umefumaniwa. Na yule mzee aliyekugusa bega, je, una hakika alikuona jinsi wewe ulivyojiona? Maneno yake, kama ulivyoyanukuu, hayana hata chembe ya dharau. Huenda na yeye alikuwa akitafuta wa kwenda naye.

Kuhusu picha, unasema hawakukusudia ubaya, nami naamini unawafahamu kuliko mimi. Lakini kutokusudia ubaya hakumaanishi kwamba hukuumia, na naona umewasamehe haraka ili usilazimike kuwaambia. Unaweza kumchagua mmoja kati yao, yule unayemwamini zaidi, ukamwambia kwa faragha kwamba picha ile ilikuuma na kwamba ndiyo sababu mojawapo ya ukimya wako. Kuna hatari, sikufichi: anaweza kusema unakuza mambo, nawe ukaumia mara ya pili. Ukikaa kimya, kwa upande mwingine, kikundi kitabaki kudhani kwamba umechoka mbio, na wewe utabaki kudhani kwamba wanaendelea kucheka, ilhali yawezekana walishaisahau picha siku iliyofuata. Na lile jina la “mama wa saa moja” unaweza kulikataa. Umelitumia hata kutia sahihi barua hii, ambayo hakuna mtu wa ofisini kwako aliyekuomba uiandike.

Sasa nije kwa washauri wako wawili. Kiongozi wako amekutumia habari za Akhwari, na ninaelewa nia yake, kwa sababu ni vigumu kumpata msomaji wa Kiswahili ambaye hakuguswa na habari hizo. Ila naona zimetumwa kwa mtu asiye katika hali ile. Akhwari alikuwa mwakilishi wa Tanzania kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alianguka njiani akaumia, akaendelea kwa sababu alijiona ametumwa na nchi. Wewe hukutumwa na mtu, na tena ulimaliza, hukuacha njiani. Kinachosahaulika katika simulizi hizo ni kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni. Kule kuchechemea hadi uwanjani hakukuwa kipimo cha uwezo wake wa kukimbia, ingawa ndiko kulikompa umaarufu. Ikiwa ni lazima tumtumie kama somo, sehemu hiyo inakuhusu zaidi kuliko ya goti.

Mume wako anasema inatosha. Umeyasikia maneno hayo kama hukumu, na huenda ndivyo yalivyo. Lakini fikiria alichokiona yeye. Alimwona mke wake akimpita bila neno na kwenda kulia nyuma ya gari, na hakuwepo zile alfajiri ulipokuwa ukirudi na furaha, au kama alikuwepo alikuwa usingizini. Anaishauri ile huzuni aliyoishuhudia. Je, umewahi kumsimulia ile alfajiri ambayo hukuitazama saa? Sisemi kwamba akiisikia atabadili mawazo. Angalau atakuwa anashauri juu ya jambo zima.

Unauliza kama nafuu ya alfajiri ndiyo jibu. Nafuu hiyo ni ya kweli na si uvivu. Mvivu hakosi raha mchana kutwa kwa sababu hakukimbia. Mtu huhisi nafuu anapoepuka kinachomtisha, hata kama kinachomtisha anakipenda, na kila anapoepuka hofu hukua kidogo kwa kuwa hapati nafasi ya kuona kama ingetimia. Kwa hiyo nafuu yako inaniambia kwamba kuna hofu, lakini hainiambii ni hofu ya nini. Ni ya kukosa pumzi? Ya kukutana na wenzako? Ya saa? Na ule unyonge wa mchana nao ni habari, pengine nzito kuliko nafuu yenyewe. Nakushauri usiipe mojawapo nafasi ya kuamua peke yake kabla hujajua inazungumzia nini.

Tuziangalie njia zilizo mbele yako. Unaweza kujisajili kama kiongozi anavyotaka. Faida yake ni kwamba tarehe humtoa mtu kitandani. Hatari ni mbili: kwanza, unaweza kuingia humo kulipiza kisasi, ukaanza kwa kasi ileile ili kuifuta siku ile, na ukapata matokeo yaleyale, pili, moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema kuliko mifupa na kano, ndiyo maana wengi wanaoongeza umbali au kasi kwa pupa huumia muundi au kisigino wakati pumzi zao zinawaambia wanaweza. Ukiichagua njia hii, uliza kwanza kama muda uliobaki unatosha kukufikisha polepole kwenye kilomita 8 na 9 mazoezini, panga kuanzia nyuma ya umati, na kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko kawaida yako, hata kama utaona unaachwa. Dakika za kutembea zipange mapema, na saa uiache iendelee.

Unaweza kuchagua mbio fupi zaidi, kwa mfano za kilomita 5, umbali ambao mwili wako unaufahamu. Wengine watakuambia ni kurudi nyuma, nami sioni hivyo, ila ujiangalie usije ukaibeba tena ahadi ya dakika fulani, maana tatizo lilelile linaweza kukufuata hata kwenye kilomita moja.

Unaweza pia kuacha mashindano kwa sasa na kurudi kwenye alfajiri zako, bila kikundi na bila saa, kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatwa pumzi. Kwa barua ulivyoiandika, hapo ndipo furaha yako ilipokuwa. Jambo moja la kutahadhari nalo: mtu akikaa wiki kadhaa bila mazoezi, pumzi hupungua, kwa hiyo asubuhi ya kwanza itakuwa nzito kuliko unavyokumbuka, na utashawishika kuuona uzito huo kama uthibitisho kwamba huwezi. Hiyo ni athari ya mapumziko, nayo kwa kawaida huondoka upesi kuliko ulivyotaabika mara ya kwanza. Hasara ya njia hii ni upweke. Unaweza kukosa wa kukuita siku za mvua, na kuwakwepa wenzako kunaweza kugeuka kuwa mazoea.

Na unaweza kuacha kukimbia. Naitaja njia hii kwa uzito ule ule, kwa sababu afya uliyoitafuta hupatikana pia kwa kutembea kwa haraka, kuogelea au kuendesha baiskeli, na hakuna aliyeandika kwamba lazima uwe mkimbiaji. Ningetamani tu, kama utaacha, uwe umeacha katika siku ya kawaida, umetoka kukimbia kilomita chache tulivu na kuona kwamba kweli hazikupi kitu tena, badala ya kuacha kwa ajili ya picha.

Nisilisahau la daktari. Ikiwa kule kuwaka kwa kifua kulikuwa maumivu au kubanwa, au kuliambatana na kizunguzungu au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, mwone daktari kabla ya kukimbia tena kwa nguvu. Vilevile kama uchovu umekuandama hata siku za kupumzika, omba upimwe wingi wa damu na madini ya chuma, kwa sababu upungufu wake huwapata wanawake wengi wanaopata hedhi, na hakuna ari inayoweza kuuziba.

Kuhusu hamu yenyewe, sidhani kwamba imekufa. Mtu asiye na hamu haandiki barua ndefu namna hii. Nadhani imesongwa na mambo yasiyoihusu, na sijui kama utaikuta kwa kuisubiri kitandani au kwa kutoka dakika 20 tu, siku unayoitaka wewe, bila kumwambia mtu. Unaweza kujaribu hilo kabla ya mwisho wa mwezi, ili uamuzi wa kujisajili uufanye ukiwa na kumbukumbu mpya kidogo ya barabara. Ukifanya hivyo, usiipe asubuhi hiyo mtihani wowote wa kufaulu. Angalia tu ni wakati gani hofu inakuja, na inapokuja inasema nini.

Uamuzi wowote utakaoufikia kuhusu usajili, mwandikie kiongozi wako wewe mwenyewe kabla orodha haijafungwa, hata kwa mstari mmoja, ili asiendelee kukujibia.

Wako,
Mshauri